Gauni la Mama Mdogo

Kwanza mjue kwamba mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, nashona magauni, nashona mapazia ya watu wasioweza kupima madirisha yao wenyewe. Fundi cherehani akipata tatizo anawaza kitambaa. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya, na yeyote atakayenicheka aje kwanza akae nyumbani kwangu wiki moja.

Binti yangu ni mtu mzima sasa, amenipita kimo. Namwita Bibie, kwa sababu humu ndani yeye ndiye mwenye nyumba, mimi mpangaji tu. Ukisogeza kiti, anakirudisha. Chakula kikigusana kwenye sahani, hali. Hasemi, hajawahi kuniita mama, na mshono ukimkwaruza ngozi anaivua nguo hapohapo, awe chumbani au barabarani. Kwa hiyo namshonea nguo ambazo mishono yake iko nje. Watu wakimwona wanasema, "Masikini, kavaa nguo nje ndani." Siku hizi siwajibu. Zamani nilikuwa nawajibu, na baadhi yao mpaka leo hawanisalimii.

Daktari alisema ni usonji. Nikamuuliza dawa yake. Akaniambia hakuna cha dawa, mtoto ameumbwa hivyo, akili yake inapokea mambo kwa namna yake. Nikarudi nyumbani na jibu hilo. Baba yake alilisikiliza vizuri sana, kisha akasema anakwenda mji mwingine kutafuta kazi. Mpaka leo anatafuta. Kazi zimekuwa adimu kweli.

Majirani nao walikuwa na lao. Mmoja aliniuliza nani kamloga. Mwingine aliniletea mafuta ya kumpaka utosini, tena akanisimamia nimpake. Kwenye harusi ya kaka yangu, Bibie alipiga mayowe mbele ya spika huku ameziba masikio, na tangu siku ile kadi za mialiko ya ukoo wetu zinapotea njiani. Sikulalamika. Ila jamani, kuishi miaka yote na mtu asiyesema, halafu wanaosema hawaji! Nilikuwa mpweke mpaka najionea aibu. Kuna siku nimemshika mteja nikimweleza habari za zipu, zipu tu, ilimradi asiondoke.

Basi nikaanza kutokwa damu. Uvimbe kwenye kizazi. Mchana mmoja niliishiwa nguvu nikaangukia cherehani, na sindano nusura inichome kidole. Daktari wa upasuaji akanipa tarehe, sikwenda. Akanipa nyingine, sikwenda. Nilipokwenda kuomba ya tatu akavua miwani.

"Mama, mbona unachezea maisha yako?"

"Sina wa kumwachia binti yangu."

"Na ukifa utamwachia nani?"

Nilimchukia yule mtu. Swali hilo ndilo ninaloamka nalo na kulala nalo, halafu yeye analitamka huku anafuta miwani! Nilitoka pale bila kuaga. Lakini tarehe niliichukua.

Nikapiga moyo konde, nikampigia simu mdogo wangu. Yeye ni msusi, ana domo la kuwachekesha wateja kutwa nzima, ila roho yake laini. Tangu ile harusi tulikuwa tunasalimiana kwa simu tu, siku za misiba. Nilidhani atanizungusha.

"Dada," akasema, "nilikuwa nasubiri uniombe. Wewe hujui kuomba."

"Haya, nimeomba."

"Basi nakuja."

Nilipokata simu nililia kidogo, kisha akili ya fundi ikaanza kazi. Bibie hali chakula ila nimpakulie mimi. Hakubali mtu mwingine amkaribie. Nikimwacha na mgeni atakaa na njaa, au atachomoka atokee barabarani kwenye magari. Sasa dawa ni nini? Dawa ni asimwone mgeni. Nilikuwa na kitambaa kilichobaki cha gauni langu la kazini, la bluu lenye maua ya njano, ambalo Bibie amelizoea. Nikamshonea mdogo wangu lake, kola ileile, mifuko ileile, ila kiunoni nikaachia kwa sababu mwenzangu amejaaliwa. Alipofika nikamwingiza chumbani Bibie asimwone, nikampa kilemba changu na mafuta yangu ya kujipaka. Nikamfundisha ninavyotembea, ninavyoweka sahani, mpaka ninavyokohoa.

"Na yule mume aliyetoroka nimrithi pia?" akaniuliza mbele ya kioo.

"Huyo ukimpata mkamate, usimwachie!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba ile iliposikia kicheko cha watu wawili.

Kesho yake asubuhi nilitakiwa kulazwa. Alasiri ya siku moja kabla nilikuwa kwenye cherehani, na Bibie alikuwa mahali pake, chini ya meza ya kukatia, kiganja kakibandika kwenye mguu wa meza ausikie mtetemo wa cherehani. Mdogo wangu akatoka chumbani kavaa vilevile kama mimi, anakohoa kama mimi.

Bibie akamtazama. Akanitazama mimi. Akamtazama tena yeye.

Lo! Yale mayowe sijawahi kuyasikia tangu nimzae. Alichomoka chini ya meza akamvaa mama yake mdogo, akaishika ile kola na kuirarua mpaka kifuani. Nilipokwenda kumshika akanigeukia na mimi, akachana langu pia, akanisukuma, kisha akarudi chini ya meza na kuanza kupiga kichwa kwenye mguu wa meza. Niliweka mkono wangu katikati akawa anapiga mkono. Dirishani watu walishajaa. "Mfungeni kamba huyo!" mwanamume mmoja akasema. Nikanyanyuka, nikafunga dirisha nusura nimkate pua.

Nikakaa sakafuni. Hapo ndipo nilipoelewa upumbavu wangu. Duniani mtoto huyu ana mtu mmoja tu ambaye yeye ana hakika naye, na mimi nikaenda nikamtengeneza wa pili wa bandia, nikamwachia yeye kazi ya kujua yupi ni yupi.

"Basi," nikamwambia mdogo wangu. "Siendi."

Alikuwa anafunga leso kwenye mkono uliokwaruzwa. "Utakwenda."

"Hujaona?"

"Nimeona. Nimeona nimevalishwa mtu mwingine." Akalivua lile gauni palepale, akabaki na shimizi, akalitupa nje uani. Akaenda kuvaa blauzi yake mwenyewe, ile ya kusukia, inanuka mafuta ya nywele na jasho la wateja. Kisha akakaa chini karibu na mlango, akampa Bibie mgongo, akaanza kufumua nywele zake mwenyewe, msuko mmoja baada ya mwingine. Hakusema neno. Yeye, ambaye hata usingizini anaongea!

Nilitaka kumwambia asogee, nilitaka kumwambia aweke sahani hivi, asikae vile. Akanikata jicho. Nikabaki nilipokaa.

Jua lilipoanza kushuka Bibie akatoka chini ya meza. Alimzunguka kwa mbali, akasimama, akarudi, akamzunguka tena. Mwishowe akakaa karibu na kile kirundo cha nywele za bandia zilizofumuliwa, akachukua uzi mmoja, akawa anausugua kwenye mdomo wake wa chini taratibu. Hakumtazama mtu. Mdogo wangu hakugeuka.

"Mimi siyo mama yake," akasema kwa sauti ndogo, kama anauambia ukuta. "Mimi ni mama yake mdogo. Niache niwe huyo huyo."

Asubuhi nikaondoka.

Wodini kila kitanda kilikuwa na watu wake. Saa ya kuona wagonjwa ikifika wanaingia na vikapu, wanavuta viti, wanabishana nani akae wapi. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliniuliza, "Wako wanakuja lini?" Nikamwambia wako njiani. Mtu wangu mmoja niliyekuwa naye nilikuwa nimemwacha nyumbani na Bibie, sasa aje nani? Nikajifunika shuka nikajifanya nimelala mpaka kengele ilipogongwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilipoweza kushika simu nilimpigia mdogo wangu.

"Anakula?"

"Anakula, dada. Siku ya kwanza aligoma, jioni nikaweka sahani chini nikaenda zangu jikoni. Niliporudi hakuna kitu."

"Analala?"

"Analala fofofo."

Kisha nikauliza nilichopigia simu kuuliza.

"Amenitafuta?"

Mdogo wangu ana makosa yake, lakini uongo hawezi. "Hapana, dada."

"Hata kwenda mlangoni kuchungulia?"

"Hajaenda. Yupo tu, mzima kabisa. Hata sasa hivi anakula hapa."

"Hebu msogezee simu."

Nikasikia kijiko kinagonga sahani. "Bibie," nikasema. "Mama hapa." Kijiko kikaendelea. "Mama atarudi, unasikia? Mama anarudi." Kikaendelea vilevile, bila haraka, kama cha mtu yeyote mwenye njaa yake na chakula chake.

Nikaaga, nikaweka simu chini ya mto. Miaka yote hii dua yangu imekuwa hiyo moja tu, kwamba awepo japo mtu mmoja ambaye binti yangu ataweza kula kwake mimi nikiwa sipo. Nimepewa. Na nilishukuru, Mungu ananiona, nilishukuru kwa moyo wangu wote. Lakini nililala pale, saa ya wageni ya watu wengine, nikawa sijui mimi sasa ni wa nini. Machozi yakaja yenyewe. Nilijaribu kujikaza, tumbo likauma nilikoshonwa, yakazidi.

Nesi akaja mbio. "Mama, nini? Kidonda?"

"Kidonda," nikasema.

Akafunua shuka, akaangalia bandeji, akabonyeza pembeni kwa kidole. Kikavu. Hakuna usaha, hakuna damu.

"Mbona kinapona vizuri kabisa?" akasema. "Sasa unalia nini?"

"Binti yangu amekula," nikamwambia.