Jedwali Lenye Sauti Kubwa

Haya ni kweli tupu. Nikizidisha hata punje ya chumvi, niwanunulie maabara nzima mikate ya siagi.

Pale Rennes, Ufaransa, Maëlle alikuwa na mbuzi sitini na majedwali matatu ya habari zao: jeni elfu ishirini, protini mia moja za damu, vijidudu mia nne vya tumboni. Minyoo iliwakondesha nusu ya mbuzi hao. Nusu nyingine hawakusikia kitu. Kwa nini? Ijumaa kamati ingemuuliza, na bila jibu hakuna mwaka wa tatu wa uzamivu.

Jicho la mtu halioni pande elfu ishirini. Lazima uzikamue zibaki mbili, uchore picha. Kazi ni kuchagua mbinu ya kukamulia. Alhamisi Maëlle alichagua ya mkato: akayabandika majedwali yote yakawa moja, akakamua. Lo! Nukta zikajitenga makundi mawili kama maji na mafuta. Akapiga ukelele hata mbuzi bandani wakaacha kutafuna, akatoka mbio kumtafuta msimamizi wake. Kompyuta akaiacha wazi.

Pale maabara kosa hilo halina rufaa: ukiacha kompyuta wazi, mwenzio anakuahidia watu mikate. Gaëtan, msomaji wa jeni na jirani yake wa meza, alirukia kiti cha Maëlle, akawaandikia watu wote kwa jina la mwenye kiti: "Kesho mikate ya siagi ni juu yangu!" Akatuma. Kisha jicho lake likaangukia ile picha.

Maëlle alirudi peke yake, hakumpata msimamizi.

"Umeshaniponza, eti?"

"Zamani. Lakini we Maëlle, hebu njoo. Nukta hii mbuzi gani?"

"Wa kumi na mbili."

"Na jirani yake?"

"Wa tisa. Kwani vipi?"

"Hawa niliwasoma jeni kabla mashine yangu haijabadilishwa taa. Wale kule, baada. Dada, hapo hujapata minyoo. Umepata taa yangu."

Maëlle akazipaka nukta rangi kwa tarehe za Gaëtan. Zikalingana zote. Jedwali la jeni, kwa ukubwa wake, lilikuwa limepayuka hata mengine hayakusikika. Akaketi sakafuni.

"Basi nimekwisha."

"Umekwisha nini? Taa imechafua jeni tu. Damu inaijulia wapi taa yangu?"

Maëlle akainua kichwa. Damu haiijui, vijidudu haviijui! Basi ilitakiwa mbinu inayolipa kila jedwali sauti sawa, kisha ikasikiliza yale yanayosemwa na yote kwa pamoja. Umbea wa jedwali moja ubaki na mwenyewe. Akachagua hiyo. Picha ya jioni haikuwa na urembo, wingu tu. Lakini mbuzi wazima walielemea huku, wakondefu kule, na taa haikuonekana.

Ijumaa kamati ikasema aendelee, mwenyekiti akidondosha machozi kwenye kahawa. Maëlle akagawa mikate, na Gaëtan akapewa miwili.

"Ungekuwa na adabu," akamwambia, "leo ningesimama kuitetea taa yako. Ahsante, mchokozi wangu. Ahsante sana."

Nilipowasomea haya mezani mchana, Gaëtan alishusha kijiko.

"Mzee Goulven, mwenyekiti alilia?"

"Alipiga chafya," akasema Maëlle. "Na banda la mbuzi liko kusini huko, mwendo wa siku kwa gari. Walinisikiaje?"

Meza nzima ikanigeukia. Duka la mikate linafunguliwa saa moja asubuhi. Maëlle ameagiza yenye lozi.