Wubit Anamimina

Kwa miaka minne nilimwita mwanangu mzembe. Wubit akivunja kikombe, nilimuuliza macho ameyaazima wapi. Nyani haoni kundule: mimi mwenyewe kwa papara zangu huunguza injera, mkate wetu wa kila siku, mara tatu kwa wiki.

Kisha mtaalamu wa hospitali akanieleza kwamba mtoto ana dispraksia. Anajua vizuri anachotaka kufanya, ila mikono haipangiki upesi. Nimgawie kila kazi vipande vidogo, nisimharakishe. Niliitikia kama mtu mwenye akili.

Wubit, miaka kumi na miwili, alitaka jambo moja tu: amimine kahawa siku ya Mikaeli Mtakatifu, bibi yake atakapokuja. Kwetu birika la udongo huinuliwa juu, mkondo ukapita vikombe vyote bila kukatika. Hilo lilimshinda. Tukafanya mazoezi ya maji miezi mitatu, kwa njia yake: kikombe kimoja, anatua birika, anapumua, kisha kingine.

Siku ikafika. Kikombe cha kwanza kilijaa salama, na cha pili. Mama mkwe wangu, Bi Aselefech, akauliza kama kahawa hiyo ni ya leo au ya Pasaka. Majirani wakacheka. Aibu ikanipanda, nikampokonya mtoto birika ili waone mwanamke wa nyumba hii anavyomimina.

Niliinua juu, tena kwa madaha. Kahawa ikavipita vikombe vyote, ikatua kwenye upindo wa shali nyeupe ya mama mkwe. Majirani wakaacha kutafuna bisi.

Wubit alikuwa bado kwenye kigoda chake, machozi yanamlengalenga.

"Mama, nilikuwa naweza," alisema.

Nilitamani sakafu inimeze. Bi Aselefech akakamua shali yake taratibu.

"Mrudishie mjukuu wangu birika," akasema. "Yeye kajaza viwili na hajanilowesha."

Nikamrudishia, nikaketi, mikono nikaikalia. Akajaza cha tatu. Akatua, akapumua. Cha nne kilimwagika kidogo, akapangusa, akaendelea. Kahawa ilinifikia imepoa kabisa. Niliinywa yote, kisha nikamwomba mwanangu msamaha mbele ya mama mkwe, kitu ambacho sijawahi kumfanyia hata baba yake.

Wubit akavuta kikombe kingine.

"Nimekusamehe, mama. Lakini usiinuke hapo mpaka nimalize."