Vitumbua vya Mama Mkwe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, msimtafute mwingine. Nilitoka Kilwa Kivinje hadi Lindi kupigwa picha ya mfuko wa nyongo, maana maumivu ya ubavuni yalikuwa yananikunja kama jamvi. Hospitali walinipa vidonge vya kumeza jioni, dawa ya kuufanya mfuko uonekane kwenye picha, na sharti moja: asubuhi nisile kitu mpaka nipigwe picha, hasa mafuta. Picha hiyo ndiyo ingesema kama nipasuliwe.

Nikalala kwa mama mkwe wangu, Bi Kazija. Asubuhi navaa kanzu nitoroke, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwanangu, utoke na njaa nyumbani kwangu? Watu watasemaje?"

Mlango ulikuwa mmoja, na katikati yake limetengwa sinia: vitumbua vinang'aa samli, na kuku wa nazi. Niliruke sinia la mkwe? Nimsimulie habari za nyongo yangu? Haya ikanifunga mdomo. Nikakaa, nikala.

"Ongeza, mwanangu."

Nikaongeza.

Hospitalini Bwana Ismaili, mpiga picha, aliinua filamu kwenye mwanga, akaguna. "Mfuko hauonekani. Mafuta yameukamua, dawa yote imetoka. Umekula?"

"Kidogo."

"Kidogo nini?"

"Vitumbua. Na kuku. Lakini Bwana Ismaili, wewe si mtu wa pwani? Mama mkwe hakataliwi!"

"Hakataliwi, kweli. Basi rudi kwake akupasue."