Mawingu Alivyokwenda Kuposa Bila Kuposa

Mjukuu wangu tulimwita Mawingu, na si kwa sababu ya urefu. Alikuwa na wenzake, washairi na wachoraji, waliokutana nyuma ya duka la rangi, na sheria yao ilikuwa moja: kitu hakitajwi. Ukikitaja umekiua. Ukikizunguka kwa ishara, pazia linafunuka, unauona Ulimwengu wa Juu, ambako kila kitu ni safi, hakina kasoro. Mmoja wao alipaka turubai zima rangi nyeupe akaliita "Mama". Mama mtu akaja, akatazama, akauliza, "Sasa mimi niko wapi hapa?" Wakamhurumia.

Mimi shule yangu ni ya msingi, lakini vitendawili nimekua navyo. Nikamwambia, "Hata kitendawili hakitaji kitu, baba. Ila kina jibu."

"Bibi, jibu ndilo linaloharibu."

Haya. Basi Mawingu akampenda binti mmoja, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mkabala na chumba chake, na fundi naye akampenda, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini muuza magodoro alikuwa ameshatangulia kupeleka habari, na wazee wake walikuwa wanakuja Ijumaa alasiri kuposa rasmi. Fundi akamwambia Mawingu waziwazi: "Njoo kabla yao, mbele ya shangazi yangu, useme unachotaka. Ukisema, yule namkataa. Usiposema, nitajua."

Posa haiendi bila mzee, kwa hiyo Ijumaa hiyo mchana nikaenda naye. Kwa desturi ningesema mimi, na ningemaliza kabla kiti hakijapata joto. Lakini njiani aliniapisha nisifungue mdomo. "Ukilitaja lile neno, bibi, utafunga mlango."

Shangazi akatukaribisha katikati ya vitambaa na vumbi la chaki. Fundi kwa haya hakuacha kushona. Mawingu akasimama, akafumba macho.

"Ewe buluu isiyo na uzi! Ukimya umevaa ukimya! Kioo kimekunywa ndege!"

Shangazi akaniinamia. "Mama, kijana anaumwa?"

"Anaposa."

"Anaposa kioo?"

Nikabana kicheko kwa ncha ya mtandio. Mjukuu akaendelea na majivu yake na miezi yake iliyovunjika, mpaka akafika hapa: "Kuna mvua ya chuma ng'ambo ya barabara. Ikikatika, chumba changu kinasahau kupumua."

Cherehani ikanyamaza.

Kitendawili kile hata mimi nilikitegua. Na nitasema ukweli, sitaki dhambi: kwa kitambo kile chumba kilibadilika. Shangazi mwenyewe alinyamaza, na hiyo si kazi ndogo. Kama Ulimwengu wa Juu upo, basi tulikuwa kizingitini.

Fundi akainua uso. "Ni mimi?" akauliza, taratibu.

Maneno mawili tu, Mungu wangu. *Ni wewe.* Mtoto wa chekechea angeyaweza.

Mawingu hakufumbua hata macho. "Wewe si wewe," akasema. "Wewe ni ishara ya kitu kilicho juu yako."

Shangazi akatazama juu. "Juu yake kuna bati."

"Na mimi niliye huku chini," fundi akauliza, "nani ananiposa?"

Fundi akangoja, akangoja tena, kisha akakunja kitambaa alichokuwa akishona. "Basi nimeshindwa kukitegua. Chukua mji, uende."

Tulipofika barabarani akaanza kulia. "Bibi, ninampenda! Nataka awe mke wangu!"

"Kumbe ulimi unao! Sasa unanitajia mimi ya nini? Rudi! Kimbia!"

Akapiga hatua mbili, akasimama, akaanza kujipapasa mifuko akitafuta kalamu. "Lakini 'ninampenda' liko uchi mno, bibi. Ngoja kwanza nilivishe."

Akiwa bado analivisha, wazee wa muuza magodoro wakapita, wakanipa shikamoo, wakaingia. Dirisha lilikuwa wazi. Mmoja akasema, "Tumekuja kumposa binti yenu kwa kijana wetu." Basi. Hana ndege, hana buluu. Shangazi akamuuliza fundi, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikamsikia akijibu kwa sauti ndogo, "Nimekubali."

Jumapili yake Mawingu alilisoma shairi lile nyuma ya duka la rangi. Wakapiga makofi mpaka wakasimama. Wakasema safari hii amefika kabisa. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikauliza, "Amefika wapi? Maana mimi nilikuwepo. Alifika mlangoni kwa mtu, akafunguliwa, akapita juu ya paa."

Wakacheka, wakadhani nami nimesema kwa ishara. Mchoraji wa turubai jeupe akaniomba nirudie ili aandike.

Mawingu peke yake hakucheka. Alikuwa ameelewa kila neno.