Siki Kwenye Okidi

Okidi tatu za marehemu mke wa Fundi zilikuwa zimeishi miaka sita ndani ya sanduku la kioo juu ya kabati la sebuleni, zimepandwa kwenye vipande vya magome na mkaa. Zilivumilia ugonjwa wa mwenyewe, zikavumilia msiba, zikavumilia na upweke wa Fundi, aliyezinyunyizia maji kama alivyofundishwa: kidogo, asubuhi, basi. Kisha Fundi akaoa tena. Mwezi wa pili wa ndoa, zikaanza kufa.

Majani yaligeuka manjano. Mizizi iliyokuwa ya kijani ikawa myeusi na yenye utelezi. Wa kwanza kusema alikuwa shemeji yake, dada wa marehemu, ambaye tangu harusi hakuwahi kuja bila kuikagua nyumba kama afisa wa afya. Alifunua sanduku, akaingiza pua.

"Shemeji, hebu nusa."

Fundi akanusa. Hakusikia kitu ila unyevu.

"Siki," shemeji akasema. "Mtu anazimwagia siki."

"Nani amwagie maua siki?"

"Mimi sijataja mtu. Jiko si langu."

Fundi alicheka, kisha akakumbuka. Mkewe mpya ndiye aliyelalamika kwamba sanduku linavuja na kuozesha kabati. Kwa ajili yake Fundi alilipeleka karakana, akaziba kila pembe na kulikatia kifuniko kipya badala ya kile chenye ufa, ambacho marehemu alimkataza miaka yote asikiguse. Tangu hapo halikutoka hata tone. Fundi vioo wa miaka thelathini, sanduku lake livuje? Sasa akawaza: labda kilichomkera huyu mwanamke hakikuwa kabati.

Shemeji alipoondoka, Fundi aliingia jikoni na kalamu yake ya kuandikia vioo, akachora mstari mwembamba kwenye chupa ya siki. Ikishuka bila saladi mezani, aliapa moyoni, namrudisha kwao.

Mume mzima akawa mhesabu saladi.

"Leo hakuna saladi?"

"Uliitaka?"

"Nauliza tu."

"Siku hizi unaulizia saladi kama mwenye mimba."

Siku ya nne siki ilikuwa imeshuka vidole viwili, na saladi haikuliwa hata jani. Fundi alitoka bila kuaga. Mchana nampigia kaka yake, alijiambia, aje amchukue dada yake.

Mchana mkewe akamtangulia. Alikuja karakana na chakula alichokisahau Fundi, akamkuta anaziba kioo cha kabati la duka kwa gundi ya silikoni. Akasimama mlangoni, amekunja pua.

"Siki yote hii unaifanyia nini huku?"

"Siki gani?"

"Inanuka mpaka barabarani. Wewe husikii?"

Fundi aliitazama silikoni mkononi, akaisogeza puani. Hakusikia kitu. Pua yake ilishaacha kazi hiyo zamani. Lakini wateja walilalamika kila siku kwamba gundi hiyo inanuka siki, na yeye mwenyewe ndiye huwajibu: fungueni madirisha siku mbili tatu, ikikauka harufu itaisha. Sanduku la okidi alilifunga gundi ikiwa bado mbichi, tena kwa kifuniko kisichopitisha hata pumzi.

"Na ya nyumbani?" akauliza, sauti chini.

"Nimesugulia birika. Lilikuwa na ukoko mweupe." Akaweka chakula juu ya meza. "Mstari wako niliuona siku ileile. Na shemeji yako hajui kunong'ona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

Fundi hakula. Walirudi nyumbani pamoja. Alipolichunguza sanduku aliyakuta maji yametuama chini, hayana pa kwenda. Kumbe ule ufa na ule uvujaji ndivyo vilivyokuwa vikizipa okidi uhai. Mbili zilikuwa zimekwisha. Ya tatu ilibaki na mzizi mmoja wa kijani. Mkewe alileta mkasi, akakata yaliyooza, na Fundi akatoboa tundu chini ya kazi yake nzuri kuliko zote.

"Kabati litaloa," mkewe akasema.

"Liloe. Nisamehe."

Mkewe alipanga magome mapya, akaurudisha mmea, akaacha kifuniko kikiwa wazi kiasi cha kidole.

Okidi ile imetoa jani jipya. Mstari kwenye chupa ya siki Fundi alitaka kuufuta, mkewe akakataa. Siku za saladi huileta chupa mezani na kuiweka mbele ya mumewe, mstari ukimtazama yeye.