Choma

Leseni ya uuguzi aliipata jana, na leo yuko wodini roho mkononi. Miaka yote ya mafunzo hakuwahi kumchoma mtu sindano kabla sista mkuu hajaisoma chupa na kusema, "Haya, choma." Sasa ameshavuta dawa, akageuza shingo kulisubiri neno hilo. Nyuma yake palikuwa na pazia tu.

"Unamtafuta nani, binti yangu?" akauliza mgonjwa, mzee mwenye utani. "Nesi si ndiye wewe? Au nijichome mwenyewe?"

Nesi akajichekesha. Akaichukua ile chupa aliyovutia dawa, akaisoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa chekechea.

Haikuwa dawa ya mzee huyu.