Posa ya Jumamosi

Tulichinja nguruwe, tukaandaa pombe ya kangara, tukawangoja wakwe kutoka Kihagara. Ilikuwa Jumamosi. Hawakuja. Jioni mdogo wangu Pankras alisimama katikati ya uwanja, midomo iking'aa mafuta, akatangaza, "Wametudharau. Kaka, posa hii imekufa. Jumapili ijayo ukoo ukae tuivunje."

Binti yangu Vitalia alikuwa jikoni. Tulisikia sufuria ikitua kwa kishindo.

Mchumba wake, Meshack, tulimfahamu. Alikuja kijijini kwetu Mbuji mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani kufuata kahawa yetu. Alikuwa karani wa mzani, na hakuiba hata robo kilo. Ila Jumamosi hakuufungua, tukasema kijana huyu Ijumaa analewa. Vitalia alipotuambia ni Msabato, Pankras alidhani hilo ni kabila la huko ziwani.

"Jumamosi wao hawafanyi shughuli," Vitalia alitueleza asubuhi. "Niliwaambia wajomba, wakasema mgeni hapangi siku."

"Na nguruwe?" nikauliza.

"Hawali, baba."

"Kangara je?"

"Hawanywi."

"Sasa wanaishije?" Pankras aliuliza, wala hakuwa anatania.

Mimi sikusoma shule ya mchana. Nilijifunza kusoma usiku, kwa taa ya chemli, nikiwa tayari baba wa watoto. Tangu hapo sikubali kusimuliwa jambo ninaloweza kwenda kuliuliza mwenyewe. Nikasema posa haitavunjwa wala kufungwa mpaka niwajue watu hawa.

Mjini Mbinga nilipita dukani kwa Bwanali kununua sukari ya kupeleka ugenini. Nikamweleza hoja niliyoipanga njia nzima.

"Wanasema siku ya saba ni Jumamosi. Lakini mosi ni moja! Kiswahili chenyewe kinawakataa."

"Basi hesabu, mzee wangu," akasema Bwanali. "Anza na hiyo mosi."

Nikahesabu kwa vidole. Kidole cha saba kikaangukia Ijumaa.

"Karibu msikitini," akasema. "Kofia ninazo, nitakupunguzia."

Nikamwambia anipe sukari yangu.

Niliteremka ziwani kwa lori la wachuuzi wa dagaa, nikafika Kihagara Ijumaa mchana. Mama yake Meshack, mjane aitwaye Eunice, aliniamkia na kunipa kiti, kisha akarudi mbiombio kwenye vyungu. Nyumba nzima ilikuwa inafagia, inachota maji, inapika, kana kwamba kuna msiba. Jua lilipozama kila kitu kilisimama. Wakaimba.

Kesho yake nilikwenda kanisani kwao, nikakaa nyuma. Kabla ya mahubiri waligawanyika makundi, Biblia magotini, wakawa wanaulizana. Mke wa mvuvi mmoja alimbishia mwalimu, na mwalimu akarudi kutafuta mstari. Nilijisikia niko darasani kwetu usiku, na nikajikuta nimesogeza benchi karibu.

Mchana nilimuuliza Eunice dini yao imeanzia wapi.

"Zamani, huko Amerika, watu walipiga hesabu kwenye Biblia wakaitaja siku ambayo Yesu angerudi. Wengine waliacha mazao shambani. Siku ikapita."

"Hakuja."

"Hakuja, baba Vitalia. Wengi waliondoka kwa aibu. Wachache walikaa, wakasoma upya. Sisi tumetokana na hao."

Nikamtazama. Sikuwa nimewahi kusikia kanisa likimweleza mgeni mwanzo wake kwa kuanzia na hesabu iliyokosewa. Nikapata moyo wa kuuliza lililonileta.

"Vitalia alibatizwa mchanga, ana degedege. Nilimbeba mwenyewe mpaka misheni, nikijua njiani anaweza kunifia. Ubatizo ule kwenu unahesabika?"

Angeweza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakufanya hivyo.

"Hapana. Sisi tunabatiza mtu anayejua anachokiri, kwa maji mengi. Ila hatumsukumi mtu ziwani."

Lilinichoma.

"Na asipotaka?"

"Mchungaji wetu hatawafungisha ndoa. Padri wenu akikubali, mimi nitakuja, nitakaa benchi la mbele. Siku yoyote, isipokuwa Jumamosi."

Ukoo ulikaa Jumapili jioni, nikafika na vumbi la safari. Niliwaeleza yote, hata lile la ubatizo.

"Kwa hiyo wewe wamekuzamisha?" Pankras akauliza. Watu wakacheka.

"Nimeuliza, nikajibiwa. Sasa namuuliza binti yangu."

Vitalia alisimama. "Mimi ni Mkatoliki, na Meshack anajua. Sibatizwi tena. Naye sitamwomba afungue mzani Jumamosi. Haya tuliyamaliza tangu msimu uliopita. Ninyi ndio hamkuuliza."

"Na watoto?" Pankras akamdaka.

Vitalia aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Hilo bado tunabishana, baba mdogo."

Pankras akanigeukia. "Umesikia? Vunja!"

Nilikuwa nimesikia. Vitalia angetaka kunidanganya, hapo ndipo angedanganya.

"Posa inaendelea," nikasema. "Wakwe watakuja Alhamisi. Kesho alfajiri nakwenda kwa padri kuomba kibali cha ndoa hii. Akikataa, nitauliza kwa nini, na nikishajibiwa nitauliza kwa askofu."

"Utakwenda peke yako," akasema Pankras.

"Nimeshazoea," nikamjibu, nikamwambia Vitalia anitafutie shati safi.